Chupa ya Sifuri

Mashine ya kukeneka maji, ile inayoyachemsha na kuyarudisha yakiwa safi, iliharibika, na wanafunzi wa kemia wa mwaka wa pili wakaambiwa waje na maji yao. Walikuja nayo katika chupa za soda, katika madumu ya mafuta ya kupikia, na mmoja katika birika la kwao lililokuwa na kutu mdomoni. Walijipanga foleni mlangoni mwa maabara kama watu wapelekao maji matangani. Nicanor, fundi wa maabara, alikuwa akiyapokea, anayanusa, anayainua kwenye mwanga wa dirisha, kisha anayamwaga kwenye sinki. Ya Kisauni yalikuwa na chumvi. Ya Likoni yalikuwa na chumvi na viluwiluwi. Ya msichana mmoja, Nyevu, peke yake hayakumwagwa.

"Haya umeyatoa wapi?" Nicanor alimuuliza.

"Kwetu Chaani, mzee. Ni ya mvua, tumeyakinga paani."

"Basi haya ameyakeneka Mungu mwenyewe," alisema Nicanor. Akayamimina yote kwenye chupa kubwa ya kioo, akaiandika SIFURI kwa wino mweusi.

Nyevu alijisikia fahari. Kwao kulikuwa na vyumba viwili vya mabati katika safu ya vyumba kama hivyo, na pipa la maji ya mvua ambalo mama yake alilifunika kwa kitambaa cheupe. Maji ya pipa lile yalikuwa ya kunywa, ya wageni, na ya kufulia nguo za kanisani. Nyuma ya safu palikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, ambako baba yake, Karisa, alifanya kibarua. Jioni moshi wa kiwanda ulikuwa ukishuka chini chini, unayapapasa mapaa, kisha unalala. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakusema mtu afanyeje nguo ikiwa imefuliwa ikatakata.

Mwalimu wao, Dokta Rosalia, alikuwa mwalimu mzuri. Heri hilo lisemwe mapema, maana yatakayofuata yanaweza kumpotosha msikilizaji. Aliwafundisha kwa kuwashika mikono. Aliwaonyesha namna ya kusoma kimiminika jicho likiwa sawa na mstari, si juu yake wala chini yake, na namna ya kuliacha tone la mwisho lishuke lenyewe bila kupulizwa. Mwanafunzi aliyepika majibu ili yafanane na ya mwenzake alitolewa nje mbele ya wote. "Kemia ya kupima haina huruma," alizoea kusema, "ndiyo maana watu wanaiamini."

Siku ya kwanza ya mashine ya kupimia metali, aliishika ile chupa ya Nicanor akaiinua wote waione.

"Kabla hujapima kitu, unapima kisicho na kitu. Unaweka maji haya ndani, unabonyeza hapa, na mashine inayahesabu kuwa si chochote. Chochote kilichomo humu, mashine inakisahau. Halafu sasa unaweka kile unachotaka kukijua."

Mwende, msichana wa kutoka Machakos aliyefanya kazi meza moja na Nyevu, aliinua mkono. "Na hiyo sifuri yenyewe, Dokta, inapimwa na nini?"

Dokta Rosalia alicheka, kwa kuwa alipenda maswali. "Hakuna apimaye sifuri, Mwende. Sifuri ndiyo tunayopimia."

Darasa zima likaandika.

Machozi ya Tinga yalianza kudondoka dhahabu wakati wa mvua za vuli. Tinga alikuwa kitinda mimba wa kina Nyevu, mwenye miaka mitano. Alijikwaa kizingitini, akaanguka, akalia, na machozi yaliyotoka jichoni yakiwa maji yalifika shavuni yakiwa manjano, yakaanguka kwenye sakafu ya saruji yakiwa vipande vyembamba vinavyometameta. Mama yake alitazama. "Nyamaza, baba, wachafua sakafu," alisema, akaenda kuchukua ufagio.

Haikupita muda, watoto wote wa safu ile wakawa hivyo. Jioni, saa ya watoto kuogeshwa na kugombana, akina mama walifagia manjano milangoni mwao na kuyasukumia mtaroni pamoja na maganda ya vitunguu. Walilalamika kidogo kuwa yanaganda kwenye nyufa za saruji. Mama Nyevu, ambaye hakuwa mtu wa kutupa kitu kabla hajakiuliza, alijaza mkebe akaupeleka Likoni kwa Anwar, sonara. Anwar alikitia kipande ulimini, akakitema. Akatia vingine kwenye bilauri ya maji ya moto, vikapotea. Maji yalipopoa, vikaanza kurudi, vinashuka polepole ndani ya bilauri vinang'aa.

"Wallahi dada yangu, hii si dhahabu," Anwar alisema. "Dhahabu haina tabia ya kuondoka ikarudi." Akampa kikombe cha chai na mkebe wake.

Lakini machozi hayakuwa ndiyo shida. Sakafu hufagiwa. Shida ni kwamba Tinga alikuwa anapoteza maneno.

Mtoto yule alikuwa mwingi wa maneno kuliko mnadi samaki. Alikaa mlangoni akiyataja malori yanayopita kwenda bandarini, kila moja kwa jina alilolipa yeye, na akikosea alijikaripia kwa sauti ya baba yake. Kwanza yalimtoka majina ya malori. Kisha yakamtoka majina ya rangi, kisha ya majirani. Mikono ikaanza kumtetemeka akishika kikombe. Jioni Nyevu alikuwa akimpakata na kumshikisha vitu kimoja kimoja. "Hiki nini, Tinga?" Naye alikitazama kijiko kwa haya, kama mzee aliyejiwa na mgeni akalisahau jina lake. Nyevu ndiye aliyembeba mgongoni tangu alipoanza kukaza shingo, mama akiwa sokoni, na alimpenda kupita kiasi. Usiku alijifunika shuka kichwani akimwomba Mungu yasimtoke yote.

Muuguzi wa zahanati, Bi Mwanatabu, aliwatazama watoto midomo na kucha, akawaita akina mama pembeni.

"Mimi naona hawa wameingiwa na risasi. Ile metali nzito ya ndani ya betri. Dawa ya kuitoa mwilini ipo, iko kwenye ghala la kaunti. Lakini ghala halinifungulii bila cheti cha maabara, kwa hiyo damu yao itapelekwa chuoni ikapimwe."

"Na dawa itayarudisha maneno yake?" mama Nyevu aliuliza.

"Yaliyokwenda yamekwenda, dada. Dawa huyashika yaliyobaki. Kwa hiyo kila siku moja ina thamani yake."

Nyevu aliposikia ni chuo gani alishukuru Mungu hadi akatokwa na kicheko. Aliijua mashine. Alizijua pipeti zilizo na ufa na zisizo na ufa. Katika jiji zima, hakuna mtu ambaye angeipima damu ya Tinga kwa uangalifu kumshinda.

Na ndivyo ilivyokuwa. Damu ilipofika, Dokta Rosalia alisema wanafunzi hawajifunzi kupima kwa maji ya kuchezea, wajifunze kwa kazi ya kweli, yeye akiwasimamia. Nyevu akapewa kazi ya kutayarisha sifuri. Aliisuuza kila chupa kama alivyofundishwa, akaisuuza tena. Alimimina maji ya pipa la kwao hadi mstarini, jicho sawa na mstari. Akayaweka mashineni, akabonyeza, na mashine ikasahau. Kisha damu ya watoto wa Chaani ikazimuliwa kwa maji yale yale na kuingizwa, chupa moja baada ya nyingine.

Mtoto wa kwanza, sifuri. Wa pili, sifuri. Chupa ya Tinga ilipoingia, mashine ilisoma chini ya sifuri.

"Nyevu, huyu wenu ako chini ya sifuri," Mwende alisema. "Sasa hiyo ni kumaanisha ako na risasi kasoro?"

Dokta Rosalia aliinama akasoma. "Vipimo vidogo huyumba. Chini ya sifuri andikeni sifuri."

Nyevu aliandika kwa mkono wake. Alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Alipofika nyumbani na habari ile, baba yake aliomba chakula, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku kadhaa, maana alikuwa akiogopa kwamba mkate wake ndio unaomla mwanawe. Bi Mwanatabu alikisoma cheti chenye muhuri na saini ya Dokta Rosalia akasema, "Haya, basi si risasi," akawapa watoto dawa ya minyoo. Juma lile neno "maji" lilimtoka Tinga. Akiwa na kiu alisimama karibu na pipa na kulipigapiga kwa kiganja hadi mtu amuone.

Mlango wa kujua ulifunguka Jumatano moja asubuhi, katikati ya somo. Dokta Rosalia alikuwa anawafundisha kuzitambua metali bila mashine, kwa macho, kama zilivyotambuliwa zamani. Alitwaa chumvi ya risasi, ya mwisho iliyobaki stoo, akaiyeyusha ndani ya neli ya kioo, ikawa maji maangavu. Akaongeza matone ya potasiamu iodidi, nayo maangavu. Vilipokutana vikawa manjano mazito. Akaipasha moto neli, manjano yakapotea. Akaitumbukiza kwenye maji baridi, na ndani ya neli vikaanza kushuka vipande vyembamba vya dhahabu, taratibu, vinameta kila vikijigeuza. Darasa lilipiga makofi, kama madarasa yote yanavyopiga makofi hapo.

Nyevu hakupiga. Alikuwa ameyafagia yale mlangoni kwao jana.

Siku iliyofuata alikuja na chembe za Tinga katika chupa ya dawa ya kikohozi, akaomba ruhusa kwa Nicanor, akazipasha moto. Zikapotea. Akazipoza. Zikarudi. Darasani iodidi ilikuwa ya maabara, na kwa Tinga ilikuwa ya chumvi ya kupikia, lakini risasi ilikuwa ile ile, na mtoto alikuwa amelifanya jaribio zima machoni mwake bila kufundishwa na mtu.

"Lakini damu yake tulipima," Mwende alisema. "Tulipima wenyewe, Nyevu. Ilisema sifuri."

Ndipo wote wawili walipogeuka wakaitazama ile chupa kubwa ya Nicanor.

Nyevu alitoka mbio hadi kituo cha petroli cha barabarani, akarudi na chupa ya maji ya betri, yale safi wauziwayo wenye magari. Alitia kidogo kwenye neli moja. Kwenye neli ya pili alitia maji ya sifuri. Akadondosha potasiamu iodidi kwenye zote mbili, tone la mwisho akaliacha lishuke lenyewe. Maji ya betri yakabaki maangavu. Sifuri ikawa manjano.

"Sifuri iko na kitu," Mwende alisema polepole.

Iko nacho, na Nyevu ndiye aliyekileta, kichwani, katika dumu aliloliosha kwa majani na mchanga ili lisiaibishe kwao. Alikumbuka alivyokibonyeza kitufe. Alinyoosha mikono kwenye sinki ainawe. Mwende akamfungulia bomba, ambalo halikutoa maji.

Dokta Rosalia alikuwa ofisini anasahihisha. Nyevu alimwekea neli mbili mezani na ile chupa ya kikohozi, akamweleza yote bila kukaa. Mwalimu alivua miwani, akazisogeza neli dirishani, akazitazama moja baada ya nyingine. Hakubisha hata kidogo.

"Ni risasi," alisema. "Umefanya vizuri. Umefanya nilivyokufundisha."

"Basi tupime damu upya, Dokta. Maji ya betri yapo, nitayaleta mimi. Tutoe cheti kingine."

Dokta Rosalia alizirudisha neli mezani. "Kaa kitako, Nyevu. Tangu Nicanor aijaze ile chupa, kila kipimo kilichotoka hapa kimesimama juu yake. Maji ya visima. Unga wa maghala. Samaki wanaosafirishwa. Kuna kesi mahakamani imekwisha kuamuliwa. Kuna wenzako wamehitimu kwayo. Nikisema sifuri haikuwa sifuri, siangushi cheti kimoja."

"Mimi naomba hicho kimoja tu."

"Hakiangushwi peke yake. Wataniuliza, watoto wa Chaani umewabadilishia maji, wengine je?"

"Kwani wengine hawakudhurika?"

"Huenda wamedhurika," Dokta Rosalia alisema.

"Dokta, Tinga amebakiwa na maneno manne. Nayajua yote. Kwa heshima yote, nakuomba kama mzazi. Nakuomba."

"Pole sana, mwanangu. Nasikitika, na sisemi hivyo kwa mdomo tu."

Hakusema kwa mdomo tu. Machozi yalimdondoka hadi kwenye karatasi za mtihani, nayo yalikuwa maji matupu, kwa sababu yeye aliishi kisiwani, upande upepo utokako. Aliichukua chupa ya kikohozi akaifungia kabatini, ikae salama. Jumatatu iliyofuata sifuri ilipopungua, alimtuma Nicanor amwambie Nyevu alete nyingine kutoka pipa lile lile. Kubadilisha maji katikati ya mwaka, alisema, kungeharibu mfuatano wa vipimo. Nyevu alikataa. Akapelekwa mwanafunzi mwingine Chaani na dumu, na mama Nyevu, aliyelelewa kutomnyima mtu maji, akamjazia.

"Mama, maji yale yana sumu," Nyevu alimwambia usiku huo. Alikuwa amekwisha kumwambia mara nyingi.

"Nasikia, mwanangu. Niambie sasa tunywe nini." Bomba la safu lilikuwa limekauka tangu Pasaka. Udongo wa uani ulikuwa wa moshi ule ule, na mchicha uliota humo. Baba yake alikaa mlangoni akiwa amegeuzia nyumba mgongo. Kila jioni alikung'uta nguo zake za kazi mbali, kule barabarani, akidhani kwamba hilo litatosha.

Neno la nne likaondoka, kisha la tatu.

Mtihani wa vitendo ulifika mwisho wa muhula. Kila mwanafunzi alipewa neli yenye sampuli isiyojulikana, aitambue metali iliyomo. Nicanor alikuwa ametafuta chumvi ya risasi stoo nzima akakosa, na mtihani ulikwisha kupigwa chapa, haubadiliki. Katika kupekua kabati za ofisi aliikuta chupa ya dawa ya kikohozi, akatia chembe kidogo kwenye neli ya kila mwanafunzi, zikawatosha wote.

Nyevu alizijua kabla hajawasha moto. Mtu hawezi kukosa kuyajua machozi aliyoyapangusa kwa leso yake mwenyewe. Kwanza alitaka kuivunja neli na kutoka. Kisha wazo likamjia. Akiandika jibu la kweli na Dokta akalitia alama ya sahihi, chuo kitakuwa kimekiri. Mkono uliotia saini cheti utakuwa umesaini na hili. Akafanya jaribio zima kwa utulivu, akaandika: *Metali ni risasi. Imetoka machoni mwa Tinga Karisa wa Chaani, mwenye umri wa miaka mitano.*

Karatasi ilirudi na alama zote. Mstari wa kwanza ulikuwa na alama nyekundu ya sahihi. Kando ya mstari wa pili Dokta Rosalia alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake mzuri, *Maelezo haya hayakuulizwa.* Darasa zima lilikuwa limejibu risasi. Lilikuwa swali rahisi mwaka ule.

Nyevu aliipeleka karatasi ile zahanati, akiwa amembeba Tinga mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa. Bi Mwanatabu aliisoma yote, akaigeuza, akaisoma tena.

"Hapa kweli wamesema ni risasi," alisema. "Na saini naiona ni ile ile."

"Ndiyo, Bi Mwanatabu."

"Lakini hii ni alama ya mtihani, binti yangu. Si cheti. Ghala halitoi dawa kwa alama." Hata hivyo alijaribu, mama wa watu. Alipiga simu ghalani, akasubiri, akasoma karatasi kwa sauti neno kwa neno. Wa upande wa pili alimsikiliza, akampongeza mwanafunzi aliyefaulu, akaeleza kwamba kwenye orodha Chaani inaonekana ni sifuri. Bi Mwanatabu alipoweka simu chini hakuweza kumtazama Nyevu. Alimtazama Tinga. Tinga alifumbua mdomo kama atakaye kusema, akakifikiria alichotaka kusema, akaufumba.

Muhula uliofuata, wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wengi na risasi haikuwa imenunuliwa. Nicanor, ambaye alikuwa mtu mwema na hakupenda vijana wajifunze kwa kuhadithiwa, alimsubiri Nyevu mlangoni na chupa tupu iliyooshwa vizuri. Alikuwa ameibandika karatasi: RISASI, SAFI. CHAANI.

"Ni safi kuliko ya kununua," alimwambia. "Dokta mwenyewe amesema hajaona nyingine kama hiyo. Kama kwenu hawatajali."

Nyevu aliibeba chupa ile hadi nyumbani bila kujua ataivunjia wapi. Aliiweka mezani, akamweleza mama yake yote, akitaka mama akasirike, apige kelele, avunje yeye. Mama yake aliisoma karatasi kwa kidole, herufi moja moja.

"Wape," alisema.

"Mama!"

"Wape, Nyevu. Zahanati wamesema si risasi. Kaunti wamesema si risasi. Kiwandani wamesema si risasi. Kumbe pako mahali pamoja nchi hii ambapo mtoto wangu akilia wanakubali ni risasi. Nisiwape kwa nini?"

Nyevu alitafuta jibu katika yote aliyofundishwa. Aliiacha chupa pale mezani. Basi kukawa na chupa nyumba kwa nyumba, na akina mama wa safu ile hawakufagia tena jioni. Waliwawekea watoto chupa chini ya shavu na kuwaambia waendelee tu, walie. Mwaka wa kwanza walijifunza vizuri sana. Walipiga makofi.

Nicanor alikuja mwenyewe siku moja kushukuru na kuchukua nyingine. Alimkuta Tinga mlangoni. Tinga hakuwa na neno hata moja sasa, na malori yalipita bila yeye kuinua kichwa. Lakini kitu kimoja alikuwa amejifunza mwaka ule, na alikifanya vizuri. Chozi lilipomjia, hakusubiri mtu. Alijiinukia akaichukua chupa, akaikumbatia kwa mikono miwili ili isitetemeke, akaulaza mdomo wa chupa chini ya jicho la kulia. Aliliacha tone la mwisho lishuke lenyewe. Kisha akaihamishia jicho la kushoto, bila kudondosha hata chembe.

"Ona mkono huo," Nicanor alisema, na aliguswa kweli. "Huyu mlete kwetu akikua."

Tinga alimaliza, akainua chupa juu, akampa dada yake. Nyevu aliipokea. Aliupangusa mdomo wa chupa, akaifunga kifuniko, akampa Nicanor, maana somo lilikuwa linaanza saa nane.